Sarafu za makaisari waasi wa Roma: maana yake na thamani yake

Kwa wakusanyaji wa sarafu za kale, kaisari muasi ni mtu aliyejitwalia utawala wa Dola ya Kirumi, mara nyingi kwa kutangazwa na askari wake, bila ridhaa ya aliyekuwa madarakani, kisha akashindwa. Hilo la kushindwa lina uzito wake. Constantine naye alitangazwa na askari mjini York mwaka 306, lakini alishinda, na leo ni nadra kumsikia akiitwa muasi. Magnentius alitangazwa Gaul, takriban Ufaransa ya leo, mwaka 350, akaangushwa mwaka 353, na jina hilo limemganda.

Muasi hakuchelewa kufua sarafu. Askari waliomweka walitaka malipo, na sarafu ndiyo iliyofikisha sura na jina lake sokoni. Regalianus, aliyeasi kwenye mpaka wa mto Danube karibu mwaka 260, hakungoja kuandaa vipande vipya: dinari za zamani, yaani sarafu za fedha za Kirumi, ziligongwa upya kwa chapa yake, na katika baadhi yake mabaki ya maandishi ya awali bado yanachungulia.

Mimi ninayemthamini kuliko wote ni Carausius. Alikuwa kamanda wa meli za Roma katika mlango wa bahari kati ya Gaul na Britania. Akashutumiwa kwamba anajiwekea ngawira za maharamia, ikatoka amri auawe, naye mwaka 286 akajitangaza kaisari. Hadithi yake tumeachiwa na watu wa upande uliomshinda, na kwao ni jambazi tu. Sarafu zake zinasema mengine. Wakati fedha safi ilikuwa karibu imetoweka katika sarafu za Roma, yeye alifua dinari za fedha nzuri. Moja ina maneno ya Kilatini “Expectate veni”, yaani “Njoo, uliyengojewa”, na Britania inaonyeshwa ikimpokea. Nyingine ina vichwa vitatu vilivyopangwa bega kwa bega: yeye pamoja na Diocletian na Maximian, makaisari wawili waliokuwa madarakani Roma, na maandishi “Carausius na ndugu zake”. Hao “ndugu” hawakumkubali kamwe. Mwaka 293 aliuawa na Allectus, mtu wake mwenyewe, na mwaka 296 Roma ikairudisha Britania mikononi mwake. Bila kipande hicho kidogo cha metali tusingeona wazi jinsi alivyotaka kuhesabiwa miongoni mwa watawala halali, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kukusanya sarafu hizi.

Si kwamba zote ni adimu. Chungu kimoja kilichofukuliwa Frome, Somerset, mwaka 2010 kilikuwa na sarafu 52,503, na zaidi ya 760 zilikuwa za Carausius. Za Tetricus, aliyetawala Gaul miaka ya 271 hadi 274, ni nyingi mno, na anayeanza anaweza kumudu bei yake. Upande wa pili yuko Domitianus wa Gaul. Sarafu yake ya kwanza ilipatikana Ufaransa mwaka 1900, na wengi wakaikataa wakidai ni bandia. Mwaka 2003 ya pili ikajitokeza katika chungu kilichofukuliwa Chalgrove, Uingereza, ikiwa imegongwa kwa chapa zile zile. Ubishi ukaisha, na mtu aliyekaribia kufutwa akarudi kwenye orodha ya watawala.

Uadimu huo huvuta matapeli. Mbinu moja ya zamani ni kuchukua sarafu ya kawaida na kuchonga upya herufi za jina ili ionekane ya muasi adimu. Tumia lenzi: herufi halisi huinuka kutoka kwenye uso uliotulia, ilhali za kuchongwa huacha mikwaruzo na mabonde pembeni mwake. Kisha ilinganishe na picha za sarafu zilizothibitishwa katika makumbusho, na umuulize muuzaji ilikotoka na imepitia mikono ya nani. Asipokuwa na karatasi yoyote, iache hata kama bei inavutia, maana huenda ni bandia, na kama ni halisi huenda imefukuliwa kwa wizi.