Usingizi wa mgonjwa ni sehemu ya usalama wake

Katika uuguzi, usalama wa mgonjwa maana yake ni kumkinga mtu na madhara yanayoweza kumpata kutokana na huduma yenyewe, mbali na yale yanayoletwa na maradhi aliyokuja nayo. Aliyelazwa kwa homa ya mapafu, kisha akateleza usiku na kuvunjika nyonga, au akameza dawa ya mwenzake wa kitanda cha pili, hakudhuriwa na mapafu yake. Tangu mwaka 2019 dhana hii ina siku yake ya kimataifa, tarehe 17 Septemba, chini ya Shirika la Afya Duniani. Mambo yake mengi yanajulikana: kunawa mikono, kumtambua mgonjwa kwa jina lake kamili kabla ya kumpa dawa, kuhakiki dawa, kipimo, njia na wakati. Lisilotajwa sana ni usingizi.

Usingizi wa mtu mzima huenda kwa mizunguko ya kiasi cha dakika 90, kila mmoja ukipita katika usingizi mwepesi, usingizi mzito na ule wa ndoto. Usingizi mzito huwa mwingi mwanzoni mwa usiku, na wa ndoto huongezeka kukikaribia kucha. Kwa hiyo mgonjwa anayeamshwa kila saa, kwanza apimwe presha, baadaye atazamwe dripu, kisha apimwe joto, anaweza kuhesabiwa kuwa amelala kwa muda wa saa nane ilhali mizunguko yake karibu yote imekatwa. Asubuhi maumivu humzidi na akili humwia nzito. Mzee anaweza hata kuchanganyikiwa asijue yuko wapi, na mzee aliyechanganyikiwa ndiye anayeng'oa dripu na kushuka kitandani peke yake.

Ndiyo maana muuguzi mwenye busara hukusanya kazi zake, akapima, akatoa dawa na kukagua kidonda kwa mara moja, kisha akapunguza taa na sauti. Hata hivyo, yapo yasiyoahirishwa. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kwa ratiba yake, mara nyingi kila baada ya saa mbili, hata kama amelala, kwa sababu ngozi inayokandamizwa muda mrefu hufanya kidonda.

Hapa kwetu Unguja na Pemba, saa inayohitaji macho zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya kabla ya alfajiri. Mzee aliyezoea kuamka kwa adhana huinuka gizani kutafuta maji ya udhu, akiwa na kizunguzungu cha kusimama ghafla, na ndara zake zinateleza kwenye sakafu iliyorowa. Kumkataza hakusaidii, wala si adabu. Kinachofaa ni kumuuliza tangu jioni kama ataamka kuswali, kumwekea maji karibu au kumsaidia kutayamamu (kutia udhu kwa udongo safi badala ya maji), kukishusha kitanda na kukifunga breki, na kumwomba jamaa anayemuuguza asimwache ainuke kwa pupa: akae kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo asimame.

Dawa nazo zina sehemu yake. Ya kukojosha, ikiwezekana, hutolewa asubuhi, isije ikamwamsha mgonjwa mara nne kwenda chooni. Vidonge vya usingizi si njia ya mkato, maana humwongezea mzee hatari ya kuanguka. Na jamaa wanaoleta birika la chai ya mkandaa magharibi, kwa mapenzi tu, wajue kwamba nusu ya kafeini yake, ile inayofukuza usingizi, huweza kubaki mwilini hata saa tano baada ya kuinywa.

Mwisho, si kila aliyefumba macho amelala. Mtu mzima aliyepumzika hupumua kiasi cha mara 12 hadi 20 kwa dakika, na aliyelala kweli huamka akiitwa au akiguswa bega. Aliyepewa dawa kali ya maumivu, kama mofini, akawa anakoroma kwa namna asiyoizoea, pumzi zake ni chache na haitiki anapoitwa, huyo hajapumzika. Jamaa aliye kando ya kitanda asiseme "mwacheni alale". Amwite muuguzi papo hapo.