Tunda salama kwa mbwa ni lipi?

Tunda salama kwa mbwa ni tunda ambalo sehemu anayopewa haina sumu kwake, limeondolewa kila kitu kinachoweza kumkaba koo au kumziba utumbo, na analipata kwa kiasi kisichochukua nafasi ya chakula chake. Hayo ni masharti matatu, na wengi wetu tunashika lile la kwanza peke yake. Mtu anauliza, "Mbwa anakula maembe?" Anaambiwa anakula. Kuanzia hapo embe zima, na ganda lake na kokwa lake, linarushwa uani. Aliyejibu hakudanganya, na mbwa anaweza kufa vilevile.

Kwa sisi wa Mwanza jambo hili haliepukiki. Msimu wa maembe ukishaanza, kuanzia Novemba hivi, miembe ya Nyegezi, Buswelu na Igoma inadondosha usiku kucha, na mbwa aliyefunguliwa jioni alinde nyumba anakula anachokiona kabla mwenye nyumba hajaamka. Mananasi ya Geita yanavuka kuja mjini, machungwa yanatoka Ukerewe, ndizi zinashuka bandarini na meli ya Bukoba. Maganda yote hayo yanaishia mahali fulani, na mara nyingi ni mahali ambapo mbwa anafika. Kwa hiyo unayefuga mbwa hapa unamlisha matunda hata kama hujawahi kumkatia kipande kwa mkono wako.

Mbwa hali matunda kwa njaa tu. Paka hana uwezo wa kuonja utamu. Mbwa anao, na anaupenda. Amekaa na binadamu muda mrefu mno hata mwili wake umebadilika: utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu wa Ulaya ambao ni jamaa zake. Ndiyo maana mbwa wetu wa kienyeji anamudu ugali wa dona uliopikwa na dagaa au mapanki ya sangara. Lakini yapo mambo ambayo hayahitaji kutoka kwenye tunda. Vitamini C, ambayo sisi tunaitafuta kwenye machungwa, yeye anajitengenezea kwenye ini. Tunda kwake ni kionjo. Asipolipata mwaka mzima hapungukiwi kitu, na hilo ni la kukumbuka kila unapokuwa na shaka na tunda fulani: kumnyima hakumdhuru.

Tuanze na embe, kwa sababu ndilo linalotuletea matatizo mengi. Nyama yake iliyoiva haina sumu kwa mbwa. Ganda lake lina utomvu unaowasha. Mwembe na mkorosho ni jamii moja, na aliyewahi kubangua korosho anajua utomvu ule unavyounguza. Mbwa mwingine atakula ganda asidhurike, mwingine atavimba midomo au kuharisha. Hatari yenyewe hasa ni kokwa.

Mtazame mbwa anavyokula embe lililoanguka. Analibana kwa miguu ya mbele, anachana ganda, analamba nyama mpaka zinabaki nyuzi, kisha anaanza kuligeuzageuza kokwa mdomoni. Wakati huo limelowa mate na linateleza. Kokwa la embe sindano ni jembamba na linapita kooni kwa urahisi. La dodo ni pana, ila mbwa mkubwa analimeza pia. Tumboni haliyeyuki. Linaweza kukaa siku kadhaa bila dalili yoyote ya maana, kisha likasukumwa kwenye utumbo mwembamba na kunasa. Hapo mbwa anaanza kutapika, na anatapika tena kila akinywa maji. Anakataa chakula, tumbo linakuwa gumu, anajikamua bila kupata choo. Mwingine anainamisha kifua chini na kuinua makalio kwa sababu ya maumivu. Sehemu ya utumbo iliyobanwa inakosa damu, inaoza, inatoboka. Mafuta ya kula hayalainishi kokwa, na dawa ya minyoo hailisukumi. Tiba yake kwa kawaida ni upasuaji, na upasuaji wa mbwa si kitu unachokipata kila kata.

Kwa maoni yangu, kazi kubwa ya mwenye mbwa msimu wa maembe ni ufagio. Fagia chini ya mwembe jioni kabla ya kumfungulia, na alfajiri tena ukiweza. Makokwa yatie kwenye pipa lenye mfuniko. Jalala la wazi pembeni ya nyumba halisaidii. Maembe yaliyochacha yaondoe pia, maana tunda linalochacha linatengeneza kilevi, na mbwa anapatwa na sumu ya kilevi kwa kiasi kidogo kuliko binadamu. Ukitaka kumpa embe, limenye, kata mashavu mawili pande zote za kokwa, kisha katakata vipande vidogo visivyozidi ncha ya kidole gumba. Na liwe embe tupu. Lile la barabarani lililokwishapakwa chumvi na pilipili ni lako wewe.

Matunda mengine mengi yanafuata utaratibu huohuo, nyama bila ganda wala mbegu. Papai lililoiva ni laini na linafaa; bichi lina utomvu mweupe unaochoma, liache. Nanasi litolewe ganda la miba, kishungi na moyo mgumu wa katikati. Tikiti maji ndilo ninalolipenda zaidi kwa mbwa wa hapa, hasa mchana wa joto, kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 yake ni maji, ila ganda la kijani linaziba utumbo kama kokwa. Chungwa, vipande viwili vitatu bila mbegu, na wengi wanalikataa wenyewe. Pera lililoiva, sawa. Stafeli na topetope nawashauri watu waache kabisa: mbegu zake zina sumu, zimejaa kwenye nyama, na hakuna mtu atakayekaa kuzichokoa moja moja kwa ajili ya mbwa. Fenesi nalo, kwa utomvu wake unaonata na mbegu zake kubwa, halistahili usumbufu.

Parachichi linasemwa vibaya kupita kiasi, na pia linasifiwa kupita kiasi. Lina kemikali iitwayo pesini ambayo ni hatari kwa ndege, mbuzi, sungura na farasi. Mbwa anaistahimili zaidi. Mwenye kuku na mbuzi uani kwake ana sababu kubwa zaidi ya kuogopa majani na maganda ya parachichi kuliko mwenye mbwa. Kinachomdhuru mbwa ni mafuta yake mengi, yanayoweza kuamsha uvimbe wa kongosho, ugonjwa wenye maumivu makali na unaoua, na vilevile kokwa lake la mviringo ambalo linatosha kabisa kuziba koo. Mimi silioni la lazima.

Sasa yapo matunda ambayo kwayo habari ya kumenya na kupima haipo. La kwanza ni zabibu, mbichi au kavu. Zabibu inaharibu figo za mbwa, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama: mbwa mmoja anakula kishada asipate kitu, mwingine anakula chache na figo zinasimama. Kwa miaka mingi madaktari waliona matokeo bila kujua chanzo. Mwaka 2021 wataalamu wa sumu za wanyama nchini Marekani walieleza kwamba inaelekea mhusika ni asidi ya tartari. Walilifikia wazo hilo baada ya kuona figo za mbwa aliyekula donge la unga la kuchezea watoto, lililotengenezwa nyumbani kwa krimu ya tartari (kiungo cha kuokea kinachotokana na asidi hiyo), zikiharibika kwa namna ileile ya zabibu. Asidi hiyo inapanda na kushuka kulingana na aina ya zabibu na kuiva kwake, jambo linaloeleza kwa nini mbwa wawili wanaweza kula sawa wakapata matokeo tofauti.

Na hapa ndipo habari inapotuhusu sisi wa Kanda ya Ziwa kuliko tunavyodhani, kwa sababu tunda jingine lenye asidi ya tartari, tena kwa wingi kuliko zabibu, ni ukwaju. Wataalamu haohao waliripoti mbwa waliopata madhara ya figo baada ya kula ukwaju. Usukumani mkwaju ni mti wa nyumbani. Bushishi, yaani ukwaju kwa Kisukuma, inatiwa kwenye uji, inapikiwa michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), inakamuliwa juisi. Zabibu za Dodoma tunazinunua kwa kujibana, na ni nadra mtu kumpa mbwa. Uji wa ukwaju uliobaki sufuriani asubuhi, huo unamiminwa kwenye bakuli la mbwa bila mtu kufikiri mara mbili. Makapi ya ukwaju uliokamuliwa yanatupwa nyuma ya jiko, matamu na machachu, na mbwa anayalamba. Naomba kila mwenye mbwa alichukue hili kwa uzito: uji wenye ukwaju, juisi ya ukwaju na makapi yake visimfikie. Pilau lenye zabibu kavu pia, na hilo lina kitunguu, ambacho nacho kinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kachumbari ya embe yenye kitunguu inaingia humohumo.

Turudi kwenye matunda yanayoruhusiwa, kwenye sharti la kiasi. Kanuni wanayoitumia madaktari wa wanyama ni kwamba vionjo vyote kwa siku, matunda yakiwemo, visizidi asilimia 10 ya nishati anayohitaji mbwa. Mbwa mzima wa kilo 15, wa kawaida, anahitaji kilokalori 900 hivi kwa siku. Asilimia 10 yake ni 90. Ndizi mbivu moja ya gramu 100 baada ya kumenywa ina kilokalori 89, kwa hiyo ndizi moja imemaliza hesabu yote ya siku, na mkate aliorushiwa na watoto asubuhi umeshazidi. Kwa embe, kiasi hicho ni gramu 150 za nyama. Kwa tikiti maji, ambalo lina kilokalori 30 kwa gramu 100, ni gramu 300. Kijibwa cha kilo 5 kinahitaji kilokalori 370 au chini kidogo, hivyo ndizi yake haifiki hata nusu. Huo ni mpaka wa juu, na mbwa ambaye hajazoea tunda aanze na kipande kimoja au viwili, kisha usubiri kesho uone choo chake. Akiharisha, tumbo limekataa.

Sharti la kiasi linabadilika pia kwa mbwa mwenyewe. Mwenye kisukari asipewe matunda matamu bila kumuuliza daktari. Aliyewahi kuugua kongosho asiguse parachichi. Mbwa mnene, na wapo wengi siku hizi kwenye nyumba zenye geti ambamo mbwa halali njaa na hakimbii, apunguziwe ugali kwanza kabla ya kuongezewa ndizi. Watoto wa mbwa wanaokua wanahitaji protini. Dagaa na mapanki yaliyochemshwa na kutolewa miiba vinawajenga, tunda haliwajengi.

Akiwa ameshakula kisichofaa, muda ndio kila kitu. Zabibu na ukwaju vinamfanya atapike ndani ya siku moja, halafu anaweza kuonekana amepata nafuu huku figo zikiharibika. Uharibifu unajitokeza kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na akifika hatua ya kutokojoa, nafasi ya kupona imepungua sana. Daktari akimwona ndani ya saa chache za mwanzo anaweza kumtapisha kwa dawa na kumtundikia dripu kulinda figo. Usisubiri dalili. Usimnyweshe maziwa ukidhani yanaua sumu, na usimtapishe kwa maji ya chumvi, kwa sababu chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa. Kama unahisi amemeza kokwa na bado anapumua vizuri, usimtapishe kabisa, linaweza kukwama kwenye umio likirudi. Unapompigia daktari wa mifugo, mwambie uzito wa mbwa hata kwa kukadiria, alichokula, kiasi na saa, na kama anatapika au amepata choo. Ukipata kokwa jingine la mti uleule, au makapi yaliyobaki, nenda nayo, kwa sababu daktari akiona ukubwa wa kitu chenyewe anaamua haraka zaidi.