Udanganyifu katika kriketi: unaopigiwa kelele na unaopita kimya

Tarehe 24 Septemba 2022, katika uwanja wa Lord's jijini London, wanawake wa Uingereza walikuwa wamebakiza mikimbio (pointi) 17 waishinde India. Charlie Dean, aliyesimama upande wa mrushaji, alitoka nje ya mstari wake kabla mpira haujaachiwa. Deepti Sharma, mrushaji wa India, akakatiza urushaji, akageuka, akaiangusha wiketi, yaani vijiti vilivyosimamishwa upande ule. Dean akatolewa, na kwa kuwa Uingereza haikuwa na mpigaji mwingine wa kuingia, mechi ikaishia hapo. Kwa wiki nzima watu walibishana kama ule ulikuwa wizi.

Agosti 2010, katika uwanja huohuo, Mohammad Amir na Mohammad Asif wa Pakistan walirusha mipira batili mitatu ndani ya siku mbili kwa kuvuka mstari kwa mguu wa mbele. Mipira batili hutokea karibu kila mechi, kwa hiyo jukwaani hapakuwa na wa kudai ameibiwa. Lakini hiyo mitatu ilikuwa imepangwa na kulipiwa kabla ya mchezo kuanza.

Tendo la Sharma lilikuwa halali. Lile la 2010 liliwafikisha wachezaji gerezani. Mtazamaji asiyejua kuzitenganisha kesi hizi mbili atamzomea aliyefuata sheria, kisha ampigie makofi aliyeuza mchezo.

Tuanze na lililo halali, kwa kuwa ndilo linaloelezwa vibaya zaidi. Mpigaji asiye na zamu ya kupokea mpira anapaswa kubaki nyuma ya mstari wake hadi wakati ambao mrushaji angetarajiwa kuuachia mpira. Kati ya mistari miwili ya wapigaji kuna takriban mita 17.7. Anayetangulia kwa mita moja amejipunguzia zaidi ya asilimia 5 ya safari yake ya kutafuta mkimbio, na katika mchezo ambao watu hutolewa kwa tofauti ya sentimita chache, hiyo ni faida kubwa mno. Vinoo Mankad wa India alimtoa Bill Brown wa Australia kwa njia hii mjini Sydney mwaka 1947, na tangu hapo jina lake limetumika kana kwamba ni tusi. Hilo halikuwa haki. Oktoba 2022 klabu ya MCC, inayotunza Sheria za Kriketi, ilikihamisha kipengele hiki kutoka sura ya mchezo usio wa haki na kukiweka katika sura ya kutolewa kwa kukimbia, pamoja na njia nyingine za kawaida.

Mrushaji naye ana mpaka wake. Mkono ukishafika juu kabisa katika mzunguko wake wa kawaida, nafasi imepita. Adam Zampa alijaribu mjini Melbourne Januari 2023, na mwamuzi wa televisheni akakataa kwa sababu mkono ulikuwa umeshapita kimo hicho. Kinga ya mpigaji ni rahisi: aweke ncha ya gongo lake chini, nyuma ya mstari, na macho yake yawe kwenye mkono wa mrushaji mpaka mpira utoke.

Kuharibu mpira ni jambo jingine kabisa, na hapa inafaa kujua mpira wenyewe unavyofanya kazi. Mpira unaotumika katika mechi za wanaume una uzito wa gramu 155.9 hadi 163. Kiini chake ni cha koki, kimezungushiwa uzi na kuvikwa ngozi yenye mshono katikati. Ukiwa mpya, mshono ulioelekezwa pembeni huivuruga hewa ya upande ule. Hewa iliyovurugwa hushikamana na mpira kwa muda mrefu kuliko hewa tulivu ya upande unaong'aa, na ndiyo maana mpira hupinda kuelekea mshono ulikoelekezwa. Mpira ukishachakaa, upande mmoja ukiwa umekwaruzika na mwingine umetunzwa ukang'aa, mrushaji mwenye kasi anaweza kuupindisha kinyume chake, tena kwa kuchelewa, mpigaji akiwa ameshajipanga. Katika mechi za majaribio (Test), zile za kimataifa za siku tano, mpira mpya hupatikana baada ya ova 80, ova moja ikiwa ni mipira sita. Timu inayoweza kuupata mpindo huo wa kinyume mapema imejipatia silaha katika kipindi ambacho wapigaji hutarajia kupumua. Kishawishi cha kuukwaruza mpira kinatoka hapo.

Mchezaji anaruhusiwa kuusugua mpira kwenye nguo zake bila kupoteza muda, kutumia jasho lake, kuukausha kwa taulo iliyokubaliwa na waamuzi, na kuondoa tope mbele ya macho yao. Mate yalizuiwa kwa muda mwaka 2020 kwa sababu ya Uviko-19, na mwaka 2022 katazo likawa la kudumu. Kucha, peremende, mafuta ya midomo, zipu ya suruali, msasa, kuinua nyuzi za mshono: vyote ni marufuku. Waamuzi huukagua mpira mara kwa mara bila ratiba inayotabirika. Wakiridhika kwamba umechezewa, timu pinzani huongezewa mikimbio 5 na mpira hubadilishwa.

Machi 2018, mjini Cape Town, kamera zilimnasa Cameron Bancroft wa Australia akiwa na kipande cha msasa, kisha akikificha ndani ya suruali. Waamuzi waliukagua mpira wakaona haujabadilika kiasi cha kuuondoa, wakaacha uendelee kutumika. Udanganyifu ule, kwa maneno mengine, haukuleta faida iliyoonekana. Kilichowaangusha ni mpango wenyewe na uongo uliofuata, kwani mwanzoni walisema kile kilikuwa utepe wa gundi. Bodi ya kriketi ya Australia iliwafungia nahodha Steve Smith na msaidizi wake David Warner miezi 12 kila mmoja, na Bancroft miezi 9. Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) lilimfungia Smith mechi moja tu, kwa sababu kanuni zake za wakati ule hazikuruhusu mengi zaidi. Miezi michache baadaye likapandisha daraja la kosa hilo, na sasa adhabu inaweza kufikia mechi 6 za majaribio.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi kwa mchezo huu haiko kwenye mpira. Iko kwenye simu ya mchezaji.

Watu wengi hudhani kuuza mechi ni kukubali kushindwa. Mpanga njama hahitaji matokeo. Katika masoko haramu ya kamari watu huweka dau kwenye vipande vidogo vya mchezo, kwa mfano mikimbio itakayopatikana katika ova kadhaa, kwa hiyo kwake kipande kimoja chenye uhakika kinatosha. Mipira batili ya Lord's ilikuwa sampuli ya kuthibitisha kwamba wachezaji wanatii: wakala wao, Mazhar Majeed, alikuwa amepokea pauni 150,000 kutoka kwa mwandishi wa habari aliyejifanya mtu wa kamari. Nahodha wa Pakistan, Salman Butt, alifungiwa miaka 10, mitano ikiwa imesitishwa, na Novemba 2011 mahakama ya London ikawahukumu wote wanne vifungo.

Mtego huanza taratibu. Kwanza huja pongezi na zawadi, au mwaliko wa kuzungumzia udhamini. Kisha swali jepesi: kiwanja kikoje, nani ataanza kesho? Jibu la swali hilo tayari ni kosa, maana ni taarifa ya ndani. Heath Streak, nahodha wa zamani wa Zimbabwe, alifungiwa miaka 8 mwaka 2021, na kati ya aliyofanya ni kutoa taarifa za namna hiyo. Maurice Odumbe, aliyeiongoza Kenya kuishinda West Indies katika Kombe la Dunia la 1996, alifungiwa miaka 5 mwaka 2004 kwa kupokea fedha za watu wa kamari. Anayesitasita hutishwa. Brendan Taylor wa Zimbabwe alirekodiwa akitumia kokeini, akatishwa kwa video hiyo, akapokea dola 15,000. Alisema hakuuza mechi yoyote, lakini alichukua miezi minne kabla ya kuripoti, na mwaka 2022 akafungiwa miaka mitatu na nusu.

Hapa ndipo wachezaji wengi hukosea. Kukataa fedha hakutoshi. Shakib Al Hasan wa Bangladesh alifungiwa miaka miwili mwaka 2019, mmoja ukiwa umesitishwa, kwa kutoripoti kwamba alifuatwa. Kosa lilikuwa kunyamaza.

Kwa hiyo mchezaji, kocha au mtunza vifaa akifuatwa, asifute ujumbe wowote, hata ule wa aibu. Aandike siku, saa, mahali, jina na namba aliyopigiwa. Asijifanye mpelelezi kwa kuendeleza mazungumzo ili apate ushahidi, kwa sababu baadaye itakuwa vigumu kutofautisha upelelezi wake na makubaliano. Aripoti kwa ofisa wa kupambana na rushwa wa mashindano, wa bodi yake au wa ICC, bila kuchelewa. Kumwambia nahodha au kocha peke yake hakuhesabiki kuwa ni kuripoti. Akijua mwenzake amefuatwa, ana wajibu uleule. Na simu ikikusanywa mlangoni kabla ya mechi, asiione kama dharau: eneo la wachezaji halina mawasiliano ya nje ili asiwepo wa kumfikia katikati ya mchezo.

Linabaki lile lisilo na adhabu. Tarehe 1 Februari 1981, New Zealand wakihitaji mikimbio 6 kwenye mpira wa mwisho ili walingane na Australia, nahodha Greg Chappell alimwagiza mdogo wake Trevor auviringishe mpira chini kwa chini. Kanuni za siku ile ziliruhusu. Lilikuwa tendo la fedheha, na baada yake kanuni zikabadilishwa.

Sheria pia inampa nahodha njia ya kurudi nyuma: anaweza kuondoa madai ya kumtoa mpigaji kabla mpira unaofuata haujaanza kuchezwa, mwamuzi akikubali. Mwaka 2011 katika uwanja wa Trent Bridge, Uingereza, Ian Bell wa Uingereza alitolewa alipoacha mstari wake akidhani ni mapumziko ya chai. Wakati wa chai, nahodha wa India, M. S. Dhoni, akaondoa madai. Bell akarudi na mikimbio yake 137, akaongeza 22.