Damu ya Ndugu Nayo Hupimwa

Kila wiki huja mmoja hapa kwetu benki ya damu: kijana amemshika mdogo wake, mkono wa shati la mdogo umeshakunjwa hadi begani. "Mtoeni huyu damu, mama awekewe sasa hivi. Ni damu yetu wenyewe, ya nini kuipima?" Namwelewa, mama yake yuko hoi. Ila jibu langu halibadiliki: chupa haitoki kabla ya kupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, hata aliyeitoa awe pacha wa mgonjwa.

Undugu unathibitisha nini? Hata kundi la damu, mama na mwanawe huweza kutofautiana. Mimi damu ya ndugu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Ndugu huja amesukumwa, familia nzima imemkodolea macho. Atasemaje mbele yao kwamba juzijuzi alilala na mtu asiyemjua? Kila swali la dodoso, ile fomu ya maswali ya mchangiaji, atajibu "hapana". Na vipimo navyo vina mwanya. Kingamwili za VVU, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi, huanza kuonekana takriban wiki 3 baada ya maambukizi. Kipimo kinachosaka vinasaba vya kirusi huhitaji siku 10 hivi. Kingamwili za homa ya ini C huweza kuchelewa hadi miezi 2 au zaidi. Katika siku hizo damu ina virusi na majibu yanasoma safi. Kinachomlinda mgonjwa hapo ni ukweli wa mchangiaji tu.

Kuna jingine wengi hawajalisikia. Chembe nyeupe za ndugu wa karibu huweza kufanana mno na za mgonjwa, mwili wake usizifukuze, zikageuka kuushambulia. Ni nadra, lakini wengi wanaopatwa hufa. Damu hiyo inatakiwa ipigwe mionzi kwanza, chembe hizo zisiweze kushambulia.

Ushauri ambao siachi kuutoa: dodoso lijazwe faraghani, ndugu wabaki nje. Na kama umeshatoa, ukafika nyumbani moyo ukakusuta, piga simu siku hiyohiyo, taja namba ya chupa, sema isitumike.

Wengine huniambia friji huua kila kitu. Kijidudu cha kaswende hufa baridini baada ya siku kadhaa, ni kweli. VVU na virusi vya homa ya ini havijali. Hubaki na uwezo wa kuambukiza katika wiki 5 au 6 ambazo damu hutunzwa.

"Nilipimwa nilipochangia mara ya mwisho." Damu ya leo hupimwa leo.

Na anayeogopa kuambukizwa wakati wa kuchangia: sindano ya kutolea damu ni mpya, ya mtu mmoja, kisha hutupwa.

Na wewe unayekuja kuchangia ili ujue hali yako, tafadhali nenda kituo cha kupima. Aliyeingiwa hofu juzi akaja kwetu leo ndiye hasa aliyemo ndani ya mwanya ule, na chupa yake moja huweza kutenganishwa chembe nyekundu, utegili (majimaji ya damu) na chembe sahani (za kugandisha damu), ikafika kwa wagonjwa 3.