Jumatano alikuwepo darasani mara mbili

Jioni moja, watu wanafunga ofisi, afisa mikopo wa chuo nilichokuwa nafanyia kazi hapa Mbeya alichungulia mlangoni kwangu akasema kuna kijana wa mwaka wa tatu hajasaini boom. Wenzake wote wamemaliza tangu juzi. Nikamuuliza, sasa yuko wapi? "Madam, ningejua ningekuja kwako?"

Kwa msomaji ambaye hajaishi na wanachuo: boom ni fedha ya chakula na malazi ya wale wanaopata mkopo wa serikali. Inahesabiwa kwa siku, shilingi 10,000 tangu 2022 (kabla ya hapo ilikuwa 8,500), lakini haitoki kwa siku. Inakuja kwa mkupuo wa miezi miwili hivi, na mwanafunzi lazima asaini mwenyewe. Hapo hakuna rafiki wa kukusaidia. Ndiyo maana taarifa ile ilinishtua. Nimeshaona watu wanakuja kusaini boom na plasta ya dripu bado iko mkononi.

Kesho yake asubuhi niliomba karatasi za mahudhurio. Kijana yupo. Jumatatu yupo, Jumanne yupo. Jumatano yupo mara mbili, juu kwa kalamu ya bluu na chini kidogo kwa nyeusi, sahihi mbili zisizofanana hata kwa undugu. Rafiki zake wawili, bila kuambizana, kila mmoja alikuwa amemsainia. Alhamisi na Ijumaa yupo pia. Na wakati huo wote hakuwa ametoka chumbani kwake Ilomba.

Nimekuwa mshauri wa wanafunzi kwa miaka kumi na moja, Iringa kwanza kisha huku. Nimekaa na migomo, wizi wa kompyuta, mimba, na wazazi wanaokuja na panga kwenye mfuko wa rambo. Ila kusainiana ndiko kunakonikosesha usingizi. Vyuo vinadai mahudhurio ya kiwango fulani ndipo uruhusiwe mtihani, kwa hiyo kumsainia mwenzako ni wema. Nami sitaki kujifanya mtakatifu, nilisainiwa na nilisainia. Lakini ile karatasi ndiyo daftari pekee ambalo chuo kinalo la kujua kama mtu bado yupo. Ukimwandikia yupo, umezima taa pekee iliyokuwa inawaka.

Tulikwenda Ilomba na mwakilishi wa darasa lake. Mama mwenye nyumba alikuwa anachambua maharage ukumbini. "Huyo? Mimi nilijua ameenda kwao." Tuligonga kwa muda. Ndani nilisikia kidude cha Luku kinalia, ile pi, pi, pi ya umeme unaokaribia kwisha, na hakuna anayekizima. Hapo ndipo moyo ulipokwenda mbio, maana mtu yeyote mwenye akili ya kawaida hawezi kulala na kelele ile. Alipofungua hatimaye, akarudi kitandani, akageukia ukutani, na kutoka huko huko akasema, "Shikamoo madam." Adabu ilikuwa imebaki, vingine vyote vimekwisha. Sufuria ilikuwa na ukoko wa ugali uliokwishakuota ukungu. Daftari za madesa zimepangwa vizuri mezani, kalamu juu yake, kama za mtu anayetoka mara moja kununua vocha.

Nikamuuliza unaumwa nini. "Siumwi, nipo tu."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba sasa nalichukulia kama homa ya nyuzi 40. Baadaye tulijua: baba yake alilazwa, yeye akatuma nyumbani karibu boom yote iliyotangulia, akala kwa kukopa, akapata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, akaanza kulala mchana, kisha mchana na usiku. Daktari aliita sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Rafiki zake walikuwa wameita uvivu, na mmoja alisema "amekata tamaa ya maisha" huku anacheka, kama tunavyosema sote. Siku hizi nikisikia maneno hayo nauliza swali la pili bila aibu: unafikiria kufa? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Kunampa nafasi ya kulitua.

Kijana aliahirisha mwaka, akatibiwa, akarudi. Naandika hivyo kwa ufupi, lakini haikuwa fupi.

Tatizo lenyewe ni geto, chumba cha kupanga mtaani. Vyuo vyetu vya Nyanda za Juu Kusini vimekua haraka kuliko mabweni yake. Nenda mitaa inayozunguka Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kule Iyunga, au pembeni ya vyuo vya Mkwawa na Ruaha pale Iringa: nyumba za kawaida zimekatwakatwa vyumba vya kupangisha, mlango kwa mlango. Dalali anataka chake, mwenye nyumba anataka miezi sita, na boom ya kwanza inaishia hapo. Bwenini kuna kero zake, kuna kubebana, watu wawili kitanda cha futi tatu, jambo ambalo kwa cheo changu napaswa kulikemea. Nalikemea. Lakini sijawahi kuitwa kwa mtu anayebebwa aliyepotea siku sita bila mtu kujua. Ukilala miguu ya mwenzako iko usoni kwako, utajua kama hajaamka.

Geto hakuna anayekuhesabu. Na hapo naja kwenye jiko.

Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Juni ikiingia, usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, na mtoto wa Mtwara au Dar es Salaam aliyekuja na shuka mbili anajifunza. Dawa yake anaijua kila mtu: jiko la mkaa. Linawashiwa nje, linapepewa, moshi unakwisha, mkaa unaiva unakuwa mwekundu vizuri, ndipo linaingizwa ndani. Dirisha linafungwa. Kanga inakunjwa inasukumwa chini ya mlango upepo usipite. Wote waliofanya hivyo wameniambia neno lile lile: "Lakini madam, moshi ulikuwa umekwisha."

Moshi haukuwa hatari kubwa. Moshi ulikuwa kengele. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha unatoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, haiwashi macho wala koo. Ikiingia kwenye damu inaikamata himoglobini, ile inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Unapumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili unakosa hewa. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, kisha usingizi mtamu. Anayeamka na kugundua, mara nyingi miguu imeshamkataa. Kufukia makaa kwa majivu hakusaidii, yanaendelea kuungua polepole na gesi inaendelea kutoka.

Julai ya mwaka mmoja wasichana wawili pale Iyunga walinusurika kwa sababu ya maji ya bomba. Maji yalikuwa yanatoka kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja, na mwenye nyumba, mama wa Kinyakyusa mwenye sauti ya kutosha kijiji kizima, alikuwa na desturi ya kugonga kila mlango wapangaji watoke na ndoo. Wale wawili hawakutoka. "Hao hawajawahi kukosa maji," aliniambia baadaye. Alimwita mwanawe wakavunja kitasa. Walikuta wote wawili hawajitambui, mmoja ameanguka nusu ya njia kati ya kitanda na mlango.

Yule mama alipatia jambo moja na kukosea moja. Alifungua kila kitu na kuwavuta mpaka uani kabla ya kushughulika na jiko, na hapo ndipo alipowaokoa. Kisha akatuma mtoto dukani kununua maziwa. Maziwa hayaondoi gesi hii. Dawa yake ni oksijeni ya hospitali, na mtu anapelekwa hata kama ameshaamka na anasema yuko sawa, kwa sababu madhara yanaweza kujitokeza baadaye. Kama huna blanketi zito, njoo ofisini uniambie. Sokoni Mwanjelwa wapo wauza mitumba wanaonifahamu, na blanketi la mtumba halizidi bei ya wiki moja ya chipsi mayai.

Kuhusu usalama wa wasichana nitaandika siku nyingine kwa urefu, maana hapa nitaufupisha kwa kosa. Ila mawili yasisubiri. Aliyebakwa aende hospitali kwanza, hata kabla ya kuamua kama atashtaki, kwa sababu dawa za kinga ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza kinga. Na mwalimu anayetaka mwili ili akupe maksi anatenda kosa la jinai: kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007 kinalitaja, na simu ya TAKUKURU, 113, haikati salio. Usifute meseji zake kwa hasira.

Sasa mtaniuliza, kwa nini yule kijana hakuja ofisini mapema? Nilimuuliza. Akasema, "Kule kwako wanaenda wenye kesi." Na alikuwa sahihi. Katika chuo kile mimi niliyekuwa mshauri ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ya nidhamu. Asubuhi namwandikia mtu barua ya onyo kwa kulewa, mchana namwambia fungua moyo wako, mwanangu. Nililalamika kwenye vikao viwili. Niliambiwa bajeti haina nafasi ya mtu mwingine, nikapewa bango jipya la mlangoni.

Kwa hiyo ninachokiomba si kwamba mniamini. Njooni na karatasi. Msaada wa chuo unatembea kwa karatasi na kwa tarehe, na huo ndio ubaya wake na ndio uzuri wake, kwa sababu karatasi haiulizi kama unanipenda. Ukiumwa siku ya mtihani, nenda hospitali siku hiyo hiyo, chukua barua, uilete kabla mtihani haujapita ukiweza, utapangiwa mtihani maalumu. Ukiingia mtihani unatetemeka kwa homa ukafeli, hiyo barua ya wiki ijayo haina kazi. Ukiona mwaka umekushinda, kuahirisha ni barua moja. Kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, ni mwisho. Na ukiahirisha mwambie afisa mikopo siku hiyo hiyo. Bima ya afya nayo, ambayo kwa miaka mingi mwanafunzi amelipia shilingi 50,400 kwa mwaka, ilipwe boom ya kwanza, kabla ya simu mpya. Najua hamtanisikia kwenye hilo la simu.

Kusainiana nimeacha kupigana nako kwa mahubiri. Nawaambia wawakilishi wa madarasa hivi: ukimsainia mtu siku ya kwanza, sijaona. Siku ya pili, mpigie. Siku ya tatu, nenda ukagonge, na usirudi mpaka umemwona kwa macho, si kujibiwa "nipo" kutoka ndani. Wenzangu wa idara ya taaluma hawafurahii kauli hii. Wana haki yao.

Mwaka huu kwenye wiki ya mapokezi niligawa karatasi ndogo kwa wa mwaka wa kwanza wanaopanga mtaani. Swali lilikuwa moja: usipotoka chumbani kesho, nani atakuwa wa kwanza kujua, na namba yake ya simu? Nilikataza kuandika wazazi, maana mzazi wa Songea atajua Jumapili. Wengi walikaa na kalamu hewani. Wengine waliandika jina la mtu waliyekutana naye siku mbili nyuma. Kijana mmoja aliandika "mama wa maandazi, Sae", na namba.

Wenzake walicheka. Mimi nilipiga ile namba jioni, nikajitambulisha, nikamuuliza kama anamfahamu kijana wa jina fulani.

"Wa koti la kijani? Namfahamu sana. Anapita hapa saa moja na nusu."

Na asipopita?

"Asipopita mpaka saa tatu namfuata mwenyewe. Ana deni langu la elfu tatu na mia mbili."