Kiapo cha magharibi na kiapo cha mchana

Tarehe 30 Desemba 2007 ilikuwa Jumapili. Nilikuwa Mombasa kwa ami yangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sheria, nimerudi likizo. Televisheni ilikuwa kwenye KBC. Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Kenya, Samuel Kivuitu, alikuwa amekatizwa na makelele ukumbini KICC, jumba la mikutano la Nairobi, akatolewa, kisha akaonekana akisoma matokeo mbele ya kamera hiyo moja ya serikali. Mwai Kibaki, rais aliyekuwa madarakani, 4,584,721. Raila Odinga, mpinzani wake, 4,352,993. Tungali tunabishana juu ya hesabu, mara picha ikabadilika: bustani ya Ikulu, wageni wachache, Jaji Mkuu Evan Gicheru na joho lake. Ilikuwa imepita kama saa moja tu. Jua linazama, na kwenye msikiti wa jirani muadhini ndiyo kwanza anaanza adhana ya magharibi.

Ami akazima sigara. "Mwanangu," akasema, "hii ni ndoa ya mkeka."

Nimesoma ripoti nyingi kuhusu uchaguzi ule, na kazi yangu leo ni kesi za uchaguzi na kufundisha sheria ya katiba. Sijaona maelezo yaliyoupata mkasa ule vizuri kama maneno hayo matatu. Ndoa ya mkeka haibatiliki kwa sababu ilifungwa haraka. Lakini kila mtu mtaani anajua kwa nini ilifungwa haraka.

Kila nikianza muhula huwaandikia wanafunzi ubaoni namba mbili. Ya kwanza ni 231,728, yaani kura ambazo Kibaki alitangazwa kumzidi Raila mwaka 2007. Ya pili ni 233,211, yaani kura ambazo William Ruto alitangazwa kumzidi Raila huyo huyo mwaka 2022. Tofauti ya namba hizo ni 1,483. Hawaniamini mpaka watoe simu wapige hesabu wenyewe. Pengo la kwanza lilifuatwa na vifo vya zaidi ya watu 1,100 na mamia ya maelfu waliohama makwao, na nchi haikutulia mpaka Kofi Annan alipowaketisha wakubwa hao wawili na mkataba ukatiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, ukazaa serikali ya nusu mkate, yaani ya kugawana madaraka. Pengo la pili lilipelekwa mahakamani ndani ya mafaili, yakasikizwa, yakatupwa, na watu wakaenda kazini. Mtu atasema Wakenya walikuwa wamekomaa. Huenda. Mimi naangalia kalenda: mwaka 2007 kati ya kutangazwa na kuapishwa palikuwa na saa moja, na mwaka 2022 palikuwa na siku 29.

Katiba ya zamani haikumpangia mshindi siku ya kungoja. Ukishatangazwa, ukishaapishwa, wewe ni rais na anayekupinga akushitaki baadaye. Na kushitaki kwenyewe kulikuwa mtihani. Kenneth Matiba alipinga ushindi wa Rais Moi wa mwaka 1992. Kwa kuwa kiharusi kilikuwa kimemharibu mkono, mkewe alimtilia sahihi kwa idhini ya kisheria, na kesi ikatupwa kwa sababu hakuitia sahihi mwenyewe. Baada ya uchaguzi wa 1997 akaja mlalamishi mwingine, naye akaambiwa hakumkabidhi Moi hati za kesi mkono kwa mkono. Hebu fikiria mtu apenye walinzi wote wale amfikie rais wa nchi ampe bahasha. Mlalamishi huyo alikuwa Mwai Kibaki.

Kwa hiyo ODM, chama cha Raila, waliposema Januari 2008 kwamba hawaendi kortini, wengi ng'ambo waliwaona wakaidi. Sisi tuliokuwa tukisoma hukumu hizo darasani tulielewa vizuri sana. Mlango waliokuwa wanaonyeshwa ulikuwa umechorwa tu ukutani.

Ukiisoma katiba ya mwaka 2010, kuanzia kifungu cha 138 hadi 141, utadhani walioiandika walikuwa wamefungua kalenda ya Desemba 2007 mezani na kuisahihisha saa kwa saa. Mwenyekiti wa tume ana siku saba tangu kupiga kura awe ametangaza, na amjulishe kwa maandishi Jaji Mkuu na rais aliye madarakani. Asiyeridhika ana siku saba za kufika Mahakama ya Upeo, si mahakama nyingine. Majaji wana siku 14 kuamua. Wakiubatilisha, uchaguzi unarudiwa ndani ya siku 60. Wakiuthibitisha, inapita kama wiki moja ndipo mtu aapishwe. Na asipojitokeza wa kupinga, bado mshindi atangoja Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 14. Hata ashinde kwa kura zote, atangoja.

Halafu ikaja sheria ya mwaka 2012 ya kuingia madarakani kwa rais. Watu huiona ya sherehe tu, wakaipita. Mimi naipenda. Inaunda kamati ya makabidhiano, inampa rais mteule ulinzi na taarifa za serikali kabla hajawa rais, na inasema kiapo kiliwe hadharani, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Bunge zima lilikaa likapitisha saa za kuapa! Mgeni akiisoma atacheka. Aliyekuwa mbele ya televisheni jioni ile hacheki.

Katika siku hizo za kungoja nani anatawala? Hili ndilo swali ninaloulizwa sana, na jibu liko kwenye kifungu cha 134. Rais aliyepo anabaki rais, na majeshi yanabaki chini yake. Lakini tangu kura ya kwanza ipigwe mpaka mwenzake aape, hawezi kuteua jaji, hawezi kuteua wala kumfuta waziri, hawezi kuteua balozi, hawezi kusamehe wafungwa, hawezi hata kutunuku nishani. Ni kama mpangaji aliyepewa notisi: anakaa, anapika, analala, ila haruhusiwi kuuza mlango.

Kwenye karatasi inapendeza. Mwaka 2017 iliyumba. Matokeo ya uchaguzi wa 8 Agosti yalimpa Rais Uhuru Kenyatta ushindi, Raila akaenda kortini, na tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili, Jaji Mkuu David Maraga akiwa miongoni mwa wale wanne, wakaufuta. Haikuwahi kutokea Afrika. Uhuru alisema ataheshimu uamuzi, kisha kwenye mikutano akawaita majaji wakora. Sisi mawakili tukaanza kuvutana: je, kifungu cha 134 bado kinambana, au kura ilipofutwa na kamba ikafunguka? Niliwahi kubishana na mwenzangu mmoja juu ya hilo kwenye ngazi za mahakama mpaka tukachelewa kesi zetu. Hadi leo naamini kamba ilikuwa bado imefungwa. Yeye naye hajabadilika.

Tarehe 24 Oktoba jioni, dereva na mlinzi wa Naibu Jaji Mkuu alipigwa risasi Nairobi. Kesho yake ilikuwa isikizwe kesi ya kutaka marudio yasimamishwe. Walifika majaji wawili tu, Maraga na Isaac Lenaola, na bila majaji watano hakuna kikao. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 26 Raila akiwa amejitoa, na Uhuru akaapishwa uwanja wa michezo wa Kasarani tarehe 28 Novemba. Kila siku iliyotajwa na katiba ilifuatwa, na nusu ya nchi haikuona kwamba kuna rais. Tarehe 30 Januari 2018 Raila akasimama Uhuru Park na Biblia mkononi akala kiapo cha "rais wa wananchi", vinara wenzake watatu hawakutokea, na serikali ikawa imezima matangazo ya NTV, KTN na Citizen. Mwanasheria Mkuu alikuwa ameshaonya kwamba kiapo cha namna hiyo ni uhaini. Raila mwenyewe hakushitakiwa. Tarehe 9 Machi akapeana mkono na Uhuru kwenye ngazi za Harambee House, ofisi ya rais, ngazi zile zile za mkataba wa 2008. Huwa nawaambia wanafunzi kwamba ngazi hizo ni taasisi ya kikatiba isiyoandikwa. Wananukuu kwenye mtihani, nami nawanyima alama.

Mwaka 2022 nilikuwa mwangalizi katika shule moja ya msingi huko Kisauni. Karibu na saa tano usiku, msimamizi wa kituo, dada mmoja aliyekuwa hajala tangu alfajiri, alijaza fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, kwa kalamu, akawapa mawakala wa vyama watie sahihi, akaipiga picha kwa KIEMS, kifaa cha kielektroniki cha tume, na kuituma. Kisha akachukua nakala akaibandika kwenye mlango wa darasa. Selotepu ilikuwa imeisha. Alitumia plasta ya jeraha kutoka kwenye mkoba wake. Asubuhi nikafungua tovuti ya tume kwenye simu na karatasi ile ile ilikuwa pale, sahihi ya wakala mmoja ikiwa imepinda vile vile. Vituo zaidi ya 46,000, kila kimoja na karatasi yake, na yeyote mwenye bando anaweza kujumlisha.

Hilo ndilo lililobadilisha hali ya hewa kuliko kifungu chochote. Mwaka 2007 Kivuitu aliulizwa siku chache baadaye kama Kibaki alishinda, akasema hajui. Mwaka 2022, pale Bomas, ukumbi wa kujumlishia kura, tarehe 15 Agosti, watu walipanda jukwaani, viti vikaruka, makamishna wawili wakaumizwa, na wengine wanne wakawa hoteli ya Serena wakisema hawayatambui matokeo. Kwa sura ya nje hali ilikuwa mbaya kuliko KICC. Lakini ugomvi ulikuwa juu ya karatasi ambazo kila upande unazo. Mawakili wa Raila walikuwa na hadi 22 Agosti kuwasilisha kesi, na hiyo ikawa kazi ya usiku na mchana, kupanga fomu na hati za viapo. Mtu aliyechoka kwa kupanga fomu ana muda mchache wa kupanga maandamano. Tarehe 5 Septemba majaji saba wakaitupa kesi kwa kauli moja.

Uhuru alikuwa amemfanyia kampeni Raila dhidi ya naibu wake mwenyewe. Siku ya uamuzi alihutubia taifa akaahidi makabidhiano, bila kulitaja jina la Ruto. Tarehe 12 alimkaribisha Ikulu, picha zikapigwa, nyuso zikiwa kama za watu waliokutana kwa daktari wa meno. Kesho yake Kasarani, mchana kweupe, akamkabidhi upanga na katiba, alama za madaraka.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza juzi, "Mwalimu, na rais anayeondoka akinuna asije na upanga?" Nikamfungulia kifungu cha 141. Kinataka kiapo na sahihi, mbele ya Jaji Mkuu au naibu wake, hadharani. Upanga unaweza kuletwa kesho yake na dereva.