Nini maana ya ukandamizaji wa kupinga mapinduzi?

Kiswahili kimetutegea mtego hapa. Kila Januari 12 ofisi za Dar es Salaam hufungwa kuadhimisha Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Redio ikitangaza kwamba wanajeshi wa nchi fulani wamemng'oa rais usiku, hayo nayo tunayaita mapinduzi. (Siku nane tu baada ya Zanzibar, askari wa kambi ya Colito, Lugalo ya leo, waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza. Hayo tukayaita maasi, na hayana sikukuu.) Kwa hiyo ukisikia mtu anataja "kupinga mapinduzi", muulize kwanza: mapinduzi yapi?

Dhana hii inahusu yale ya umma kuugeuza mfumo mzima: nani anamiliki ardhi, nani anatawala, nani anamtumikia nani. Walionyang'anywa, au wanaohofia kunyang'anywa, wanapotumia mabavu ili mambo yarudi yalivyokuwa, hapo ndipo tunapozungumzia ukandamizaji wa kupinga mapinduzi. Wanahistoria huuita pia ugaidi mweupe. Weupe huo hauna uhusiano na ngozi ya mtu. Ni rangi ya wafalme wa Bourbon wa Ufaransa, ambao wafuasi wao walilipiza kisasi mwaka 1795, wakarudia 1815 Napoleon aliposhindwa Waterloo.

Paris ya 1871 ndiyo mfano ninaoupenda kuutoa, kwa sababu hauachi shaka. Machi 18 mji ulitoka mikononi mwa serikali, na wafanyakazi wakaanza kujitawala. Serikali ikakimbilia Versailles, kisha Mei 21 jeshi lake likaingia mjini. Kwa wiki moja watu kwa maelfu walipigwa risasi, wengi wao wakiwa wameshakamatwa. Katika makaburi ya Père Lachaise wapiganaji 147 walisimamishwa ukutani wakamalizwa. Angalia hapo: mtu aliyekwisha kunyang'anywa bunduki hauawi ili kushinda vita. Anauawa ili waliobaki hai wasithubutu tena.

Chile inatuchanganya zaidi. Septemba 11, 1973 jeshi la Jenerali Pinochet lilimpindua Salvador Allende, rais msoshalisti aliyeingia madarakani kwa kura mwaka 1970. Magazeti yetu yataandika "mapinduzi ya Chile", kumbe kwa dhana hii ni kinyume chake kabisa. Uwanja wa taifa wa mpira jijini Santiago uligeuzwa mahabusu, na katika miaka ya utawala ule watu zaidi ya 3,000 waliuawa au walipotea moja kwa moja. Indonesia ya 1965 na 1966 ilikuwa mbaya kuliko hiyo: makadirio ya waliouawa kwa kushukiwa ukomunisti huanzia laki tano.

Wakazi wa Dar es Salaam hawakuyasikia mambo haya redioni tu. FRELIMO, chama kilichopigania ukombozi wa Msumbiji kutoka kwa Wareno, ilizaliwa hapa Juni 1962. Februari 3, 1969 kiongozi wake, Eduardo Mondlane, alifungua kifurushi cha kitabu akiwa Oysterbay, kikamlipukia. Wengi wanawanyooshea kidole PIDE, polisi wa siri wa Ureno. Kuna watakaosema hayo ni mambo ya ukoloni, tusiyachanganye. Mimi nayaweka humu humu: aliyetuma bomu lile alitaka mageuzi yafie njiani.

Lakini neno "kupinga mapinduzi" lina ncha mbili. Serikali inayojiita ya kimapinduzi nayo hulichukua ikalifanya kosa la jinai. Urusi ya Kisovieti ilikuwa na kifungu cha 58 cha sheria ya jinai, na "mpinga mapinduzi" angeweza kuwa mkulima aliyelalamika. Derg, serikali ya kijeshi ya Ethiopia, iliwapachika vijana wa EPRP, chama cha mrengo wa kushoto kilichoipinga, jina hilo hilo, na kuua kwake mwaka 1977 na 1978 ikakuita yenyewe, bila haya, Ugaidi Mwekundu. Hapo mkandamizaji ndiye anayedai kulinda mapinduzi, na aliyeko mahabusu ndiye anayeitwa adui yake. Hapa kwetu msamiati ulikuwa kibaraka, bwanyenye, na kuanzia 1983 mhujumu uchumi.

Hata FRELIMO haikunusurika: mwaka 1975, katika kambi yake ya Nachingwea, Uria Simango alilazimishwa kusoma mbele ya watu maungamo kwamba yeye ni msaliti. Baadaye aliuawa bila kufikishwa mahakamani. Miaka sita nyuma, siku bomu lilipolipuka Oysterbay, alikuwa makamu wa Mondlane.